Ukiniambia "Gari Haliwaki", Hujaniambia Kitu

Mazungumzo na madereva na vijana wa gereji, Njombe, Jumamosi moja ya Julai

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu wa stendi, madereva wa Noah na wa teksi, ninyi wa Fuso mlioacha viazi barabarani mkaja kunisikiliza, na vijana wa gereji mliosimama kule nyuma kana kwamba viti hivi vina wenyewe: kamwene! (Kamwene!) Asanteni.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie magari yanayosumbua kuwaka, na mwezi ameuchagua vizuri. Ni Julai, tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya leo nilipopita stendi nilikuta Noah tatu zinasukumwa. Moja ilikuwa imeshapakia abiria wa Makete, wamejifunika mablanketi, wanasukumwa wao na mizigo yao. Nyingine ilikuwa otomatiki. Nikasimama nikawatazama vijana wanavyotoa jasho, nikasema ngoja wachoke kwanza, watanisikia vizuri zaidi mkutanoni. (Kicheko.) Gari la otomatiki halistuliwi kwa kusukuma, ndugu zangu. Giaboksi yake inashika kwa presha ya oili, na pampu ya oili hiyo inazungushwa na injini. Injini imelala, presha haipo, magurudumu yatazunguka mpaka Makambako na injini haitajua kama kuna mtu anasukuma.

Dereva wa ile ya tatu akaniona, akapaza sauti: "Fundi, gari haliwaki!" Nikamwuliza, haliwaki vipi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yanalowanisha vipi. "Haliwaki tu, fundi."

Yuko hapa. Simtaji.

"Haliwaki tu" ni neno linalowala pesa kimya kimya. Ukinipa neno hilo, umeniacha nibahatishe, na fundi akibahatisha anabahatisha kwa mfuko wako. Pesa nyingi inayoliwa gerejini kwa tatizo hili ni ya spea nzima iliyotolewa, ikafungwa nzima nyingine, na kesho yake gari likarudi vile vile. Najua kwa sababu nimeshafanya.

Nilikuwa kijana, sijafika hata mwaka wa pili tangu nianze kuaminiwa spana peke yangu. Mteja akaniletea Corolla. Kila asubuhi stata inavuta kwa uchovu kama ng'ombe wa mkokoteni anayepanda mlima. Nikasema betri. Akanunua betri. Siku mbili, yale yale. Nikasema stata imechoka. Akatafuta yuzdi, iliyokwishatumika, nikaifunga, ikawa nafuu kidogo, tukashukuru. Baada ya wiki akarudi. Nikabadilisha plagi, na hapo nakiri sikuwa na sababu yoyote, ila niliona aibu kusimama mbele ya mteja bila kufungua kitu. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake cha chai, siku zote hizo hajasema neno. Ndipo akaniambia, "Piga stata mara tatu, halafu shika ule waya wa akselereta." Nikaushika. Ulikuwa wa moto.

Vijana wa nyuma, mmelipata hilo? Umeme wa stata unatoka chanya ya betri, unaizungusha stata, halafu lazima urudi kwenye hasi. Njia yake ya kurudi ni ule waya mnene wa ethi unaounganisha injini, bodi na betri. Wa Corolla ile ulikuwa umeoza chini ya bolti, kwa juu unang'aa. Umeme ulipokosa barabara ukapita uchochoroni, kwenye kile kiwaya chembamba cha akselereta, ukakichemsha. Mzee akachukua waya wa kubusti, mmoja tu, akaunganisha hasi ya betri na chuma cha injini. Likawaka kabla hajamaliza kuniambia piga. Bolti tukaisugua kwa msasa, tena kipande cha msasa kilichokwishatumika.

Mteja alikuwa ameshanunua betri na stata. Pesa yake sikumrudishia, sikuwa nayo. Ninachoweza kumlipa ni kusimama mbele ya watu kama hivi nikiitaja kazi yangu ilivyokuwa.

Sasa nifundisheni. Ukigeuza ufunguo, unasikia nini? Msiniambie unaona nini, niambieni mnasikia nini.

Kuna gari linalonyamaza kabisa, au linatoa "ta!" moja na kutulia. Kuna linalotoa "tatatatata" kama mvua ya mawe kwenye bati. Kuna linalozunguka kwa tabu, "uuu… uuu… uuu". Na kuna linalozunguka vizuri kabisa, kwa kasi yake ya kila siku, ila halishiki. Hayo manne ni matatizo manne, na kati ya hayo, matatu ya kwanza hayana uhusiano wowote na plagi, pampu ya mafuta, wala nozeli zinazonyunyiza mafuta. Mtu akikufungulia plagi kwa gari linalotoa "tatatata", mfungie boneti umuage kwa heshima.

Ile "tatatata" karibu kila mara ni betri iliyoishiwa au terminali iliyolegea. Stata inanyonya umeme, volti zinaanguka, swichi yake inaachia, volti zinapanda, inashika tena, inaachia tena. Ile "ta!" moja huku taa zikibaki na mwanga wake ni kitu kingine: swichi ya stata imeshika lakini kopa zake za ndani, vile vipande vya shaba vinavyopitisha umeme, zimelika, umeme haupiti. Kwenye stata za Denso, ambazo Toyota nyingi mnazoendesha zinazo, kopa zile zinabadilishwa. Huhitaji stata nzima. Na kama ni kimya kabisa, na gari ni otomatiki, peleka gia kwenye N ujaribu kabla hujamwita mtu. Swichi ya gia ikichoka haijui kama uko kwenye P. Nimeitwa usiku mara mbili kwa jambo hilo, na mara zote mbili nilitoza nauli tu.

Nunueni mita. Nasema na madereva, siyo vijana peke yao. Mita ya volti ni bei ya chakula cha siku chache, na inakutoa kwenye ubishi. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 hapo hakuna betri, kuna boksi la asidi. Halafu mwache mwenzako apige stata huku unaangalia: isishuke chini ya 9.6. Ikishuka, na betri ilikuwa imejaa, betri ndiyo mgonjwa, au stata inakula kupita kiasi. Gari likishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Isipofika hapo, jenereta haichaji, na hata ukinunua betri mpya utakuwa umenunua siku tatu.

Na ule ugonjwa wa Corolla yangu, mita inauona kwa nusu dakika. Ncha moja iguse nguzo yenyewe ya hasi ya betri, siyo klampu, nguzo yenyewe. Nyingine iguse chuma kitupu cha injini. Piga stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ethi una kasoro. Laiti ningelijua hilo mwaka ule.

Niwape kisa kidogo cha stata, maana kinafaa kwa ninyi mnaoshikilia ufunguo mpaka harufu itoke. Zamani injini ilizungushwa kwa hendeli, wazee mliopanda Land Rover mnaikumbuka, ikirudi nyuma inavunja mkono. Huko Marekani, Cadillac za mwaka 1912 ndizo zilianza kuuzwa zikiwa na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Watu walikuwa wakisema mota ya kuzungusha injini lazima iwe kubwa mno, haiwezi kukaa kwenye gari. Kettering alikuwa ametengeneza mota ya mashine ya kuhesabia pesa dukani, na alijua kwamba mota ndogo inaweza kubeba mzigo unaoizidi nguvu, mradi iubebe kwa muda mfupi sana. Stata mliyonayo leo ni wazo lile lile. Ni mota ndogo inayobebeshwa mzigo kupita uwezo wake. Inavuta ampia mia na zaidi hata kwenye gari dogo. Kwa hiyo sekunde 10, achia, subiri nusu dakika au zaidi, jaribu tena. Dereva anayeshikilia dakika nzima anapika waya za ndani.

Na baridi yetu hii inapiga mara mbili. Betri ikipoa, dawa yake ya ndani inafanya kazi polepole, inatoa nguvu pungufu. Saa ile ile oili ya injini imekuwa nzito, injini inadai nguvu zaidi. Kuna watu hapa mmeweka oili nzito ya 20W-50 kwenye Toyota IST iliyotengenezwa kutumia 5W-30, eti "isile oili". Ile namba iliyo kabla ya W ndiyo inayosema oili itakavyokuwa kwenye baridi. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kukaa na kosa hilo miaka asilione. Sisi tunaliona kila Juni.

Haya. Tuje kwenye lile linalozunguka vizuri na halishiki, au linashika baada ya kupiga mara nne. Hapa swali langu linabadilika. Siulizi tena sauti, nauliza saa. Linasumbua lini? Asubuhi likiwa la baridi, au mchana likiwa la moto? Baada ya kulala usiku, au baada ya kusimama dakika 20 tu? Dereva anayenijibu hilo ameshafanya nusu ya kazi yangu, na sijagusa boneti.

Nianze na linalosumbua likiwa la baridi. Petroli iliyopoa haipendi kugeuka mvuke, kwa hiyo injini ya baridi inahitaji mafuta mengi kuliko kawaida. Wenye kabureta mlikuwa na choki. Magari ya nozeli yana sensa ya joto la maji, kidude cha waya mbili kilicho karibu na thermostati, kinaiambia kompyuta maji yana joto gani. Sasa fikirieni sensa hiyo imechoka, asubuhi ya Julai inaiambia kompyuta maji yana nyuzi 70. Kompyuta inaamini, inamwaga mafuta kidogo ya injini ya moto, nawe unapiga stata mpaka unachoka. Ikidanganya upande wa pili, ikisema baridi wakati injini ni ya moto, mchana injini inafurikwa na mafuta, plagi zinalowa. Kwenye Toyota nyingi sensa hiyo ikiwa kwenye nyuzi 20 inasoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 2,000 hadi 3,000, na kwenye nyuzi 80 inashuka hadi omu mia mbili, mia tatu, mia nne. Sufuria ya maji ya moto, kipimajoto na mita yako, basi. Na msingojee taa ya injini iwake. Sensa ikikatika kabisa taa itawaka. Ikidanganya kidogo kidogo, kompyuta haina namna ya kujua kwamba inadanganywa.

Plagi zikilowa, kanyaga akselereta mpaka chini, uishikilie hapo, piga stata. Kompyuta za magari mengi zikiona hivyo zinakata mafuta, hewa inapita inakausha. Wale wanaopiga-piga mguu kama wanacheza ngoma wanafanya kinyume kwenye kabureta na hawafanyi kitu kwenye nozeli.

Sasa lile la moto, ambalo mimi nalipenda kwa sababu linawatisha watu bure. Umepandisha mlima na mzigo, umefika, umezima ushushe abiria. Unageuza ufunguo, stata inazunguka safi, injini haishiki. Abiria wanaanza kutafuta gari lingine. Unakaa nusu saa na hasira zako, unajaribu mara ya mwisho, linawaka kana kwamba halikufanya kitu. Mnasema lina mashetani. Mara nyingi ni sensa ya krenki, ile shafti kuu ya injini. Ndani yake mna waya mwembamba sana uliozungushwa, ukipata joto unatanuka na kuachana, ukipoa unagusana tena. Bila sensa hiyo kompyuta haijui kama injini inazunguka, haitoi moto wa plagi wala mafuta. Wakati stata inazunguka angalia mshale wa rpm, wa mizunguko ya injini, kwenye dashibodi. Kwenye magari mengi unapaswa kutikisika kidogo. Ukilala chini kabisa kama umekufa, nenda kwenye krenki. Mwagia sensa hiyo maji ya baridi kidogo, ukijihadhari na belti, likiwaka, umeshajua. Mashine ya kupima ikiungwa inaweza kukupa namba ya kosa P0335, lakini si lazima, maana gari linapofika gerejini limeshapoa na linatabasamu.

Mafuta. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Gari lililolala usiku linaposumbua kuwaka mara ya kwanza, kisha siku nzima linawaka kwa kugusa, mimi natazama presha. Pampu iliyo ndani ya tanki ina kilango kinachozuia petroli isirudi nyuma ukizima. Kilango kikichoka, au nozeli moja ikivuja, asubuhi bomba ni tupu, na stata inazungusha injini huku pampu inajaza upya. Kwa IST na Probox zenye injini ya 1NZ, presha inatakiwa PSI (kipimo cha presha) 44 mpaka 50, na dakika 5 baada ya kuzima iwe haijashuka chini ya 21. Huna geji? Fungua swichi mpaka ON bila kupiga stata, subiri sekunde mbili, zima, rudia mara tatu, kisha piga. Likiwaka papo hapo wakati jana lilikutesa, umepata jibu. Lakini angalieni: jaribio hili linafaa kwa gari ambalo pampu yake inanguruma kidogo ukifika ON. Kuna Toyota ambazo pampu haiamki mpaka stata izunguke, hizo mtafungua na kufunga swichi mpaka kesho msione tofauti. Weka sikio karibu na siti ya nyuma usikilize.

Na ninyi mnaotembea taa ya petroli imewaka wiki nzima: pampu hiyo inapozwa na petroli inayoizunguka. Ukitembelea mvuke unaikaanga.

Sasa kuna jambo watu hawapendi kuniambia. Mficha uchi hazai. Gari linasumbua tangu Jumanne, nauliza Jumatatu uliweka mafuta wapi, dereva anatazama juu. Wapi? "Pale pale, fundi." Pale pale wapi? Mpaka tumalize chai ndipo anasema kuna kijana ana madumu barabarani, bei yake nzuri. Mnakumbuka mafuta ya taa yalivyokuwa yakichanganywa kwenye dizeli na petroli miaka ile, kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya siri, kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipotee. Lakini dumu la barabarani halina kinasaba wala risiti. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi kama petroli, kwa hiyo yatakusumbua kwanza alfajiri, kwenye baridi, ukiwa na abiria. Toa petroli kidogo, iweke kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie. Maji yatakaa chini, utayaona kwa macho. Mafuta ya taa hutayaona hivyo, ila tone moja kwenye karatasi likikauka likaacha doa la mafuta, anza kujiuliza.

Plagi nitazipita haraka. Zikague, usizibadilishe kwa mazoea. Ikitoka imelowa inanuka petroli, mafuta yanafika na moto haupo. Ikitoka kavu kabisa baada ya kupiga stata sana, mafuta hayafiki. Hilo ndilo la maana kuliko rangi zote wanazochorea kwenye vitabu.

Wenye Noah za D4, ile injini ya 1AZ-FSE, mnanisikia? Yenu inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye valvu, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa haziogeshwi na zinajaa masizi kama sufuria ya kuni. Ina pampu mbili, moja tankini na nyingine ya presha kubwa juu ya injini. Fundi asiyejua hilo atabadilisha ya tankini, atakuaga vizuri, utarudi. Injini yenyewe si mbaya kama inavyosemwa mitaani. Inataka usafi tu, na sisi hatuna sifa hiyo.

Sasa Land Cruiser, Hilux za dizeli, Canter. Dizeli haina plagi ya moto. Inabana hewa mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe, na asubuhi chuma cha baridi kinaiba joto hilo. Ndiyo kazi ya hita plagi. Hapa msiniambie mnasikia nini, niambieni mnaona nini: wakati wa kupiga stata, bomba la nyuma linatoa moshi au halitoi? Moshi mweupe unaouma macho maana yake mafuta yanafika ila hayaungui. Angalia hita plagi. Chomoa waya wake, pima: nzima inasoma omu moja au chini yake, iliyokatika haisomi kitu. Injini ya silinda sita ikiwa na mbili zimekufa itawaka na nne, itatetemeka kama mtu wa homa, baada ya dakika moja inatulia. Hiyo si injini mbovu. Kama hakuna moshi kabisa, mafuta hayafiki, na mara nyingi ni hewa imeingia kwenye mipira. Niambieni mliegesha wapi. Gari likilala limeelekeza pua juu mlimani linasumbua, likilala tambarare linawaka? Mafuta yanarudi tankini, kuna mahali panavuta hewa. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, utaona mapovu yanapita kama soda.

Spirei ya kuwashia msiitumie kwenye injini yenye hita plagi. Hita ikiwa nyekundu, spirei inaripuka kabla ya wakati wake, wakati mwingine kwenye njia ya hewa, karibu na uso wako. Na wale wanaowasha moto wa mabua chini ya injini saa kumi alfajiri, ninaomba tu wasiegeshe karibu na gari langu.

Mwisho kabisa, kompresheni, yaani silinda inavyobana hewa. Naliweka mwisho kwa sababu ndiyo hukumu ya kifo, na hapa Njombe imetolewa kimakosa. Kitabu cha 1NZ kinasema silinda nzima inabana PSI 213, na isishuke chini ya 156. Fundi anapima hapa, anapata 165, anailinganisha na 213, anakunja uso, anamwambia mama wa watu tafuta injini nyingine. Lakini hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya tano. Silinda inabana hewa iliyoipata. Injini ya 213 kule pwani, hapa itasoma karibu 170, na iko nzima kabisa. Angalia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Moja ikiwa chini sana, mimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena: ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda tazama valvu.

(Sauti kutoka nyuma: "Fundi, na kompyuta?")

Kompyuta ni nzuri, mimi ninayo. Ila kile kidude cha bei nafuu cha kuunganisha na simu kimetengenezwa kwa mfumo ambao Marekani iliulazimisha kwa magari ya kuanzia 1996, na magari mengi yetu yalitengenezwa yauzwe Japani kwenyewe. Mengine kidude hicho hakielewani nayo, ukidhani gari halina kosa. Na hakuna kompyuta itakayokuandikia "bolti ya ethi imeoza". Ule waya wa akselereta uliokuwa wa moto, ni mkono ulioujua.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi twende nje, kuna Probox nyeupe pale chini ya mlingoti, nimeambiwa imesumbua tangu jana na imekuja kwa kamba. Vijana, spana ziacheni kwenye boksi. Boneti isifunguliwe. Mwenye gari, simama hapa karibu nami, usiogope. Jana saa ngapi lilianza, na lilikuwa limetoka wapi?